Koki niliyoibana mwenyewe

Haya wapendwa, najua nimepotea. Wiki tatu sijatundika kitu humu, na wapo waliouliza kama nimehamia gazeti jingine au nimeoa kimyakimya. Hapana. Nilikuwa napiga deki. Kisha nilikuwa nadaiwa. Kisha nilikuwa najifunza ufundi bomba, kazi ambayo shahada yangu haikunigusia hata kwa somo moja. Leo acha niwasimulie, maana kisa chenyewe bado kinaniuma.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nina tangi la samaki. Nililinunua mkononi kwa familia moja iliyokuwa inahama mji. Ni la kioo, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Ukipiga hesabu unapata lita 300, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hapo nimekaa na kilo 300 za maji kabla hujahesabu kioo, mawe na stendi ya chuma niliyochomelewa. Yote hayo yako kwenye chumba na sebule yangu, ghorofa ya kwanza, Ilala. Mama mwenye nyumba alipoliona mara ya kwanza aliguna tu. Ile miguno ya watu wazima ambayo ukiwa kijana unadhani ni kikohozi.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Nilijifunza kuogelea Ziwa Tanganyika kabla sijajifunza kusoma. Kule kwetu samaki ni mgebuka na dagaa, yaani samaki ni kitu cha kula. Wale wadogo wanaozungukazunguka kwenye mawe karibu na ufukwe hatukuwa na habari nao. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ziwa letu, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na kwamba samaki wale wa mawe, jamii ya Tropheus, wanafugwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kigoma. Roho iliniuma kidogo. Nikasema na mimi lazima niwe nao. Nikapata kumi na wawili, weusi, wana madoa meupe kama nyota, maana wakiwa wadogo ndivyo wanavyokuwa kabla hawajakua na kubadilika rangi.

Sasa samaki hawa si wa kukaa kwenye bakuli. Wamezoea maji ya kandokando ya ziwa, kwenye miamba, ambako mawimbi yanapiga na hewa inachanganyika na maji mchana na usiku. Wanataka maji yanayotembea. Na hapo ndipo stori yenyewe inapoanza.

Mgeni akija kwangu anaona tangi moja. Kumbe yako mawili. La pili limefichwa kwenye kabati chini ya lile la juu, na ndilo lenye sponji za kuchujia, hita na pampu. Pampu inasukuma maji juu. Maji ya juu yakizidi yanapita kizingiti cha kioo, yanaangukia kwenye kisanduku kilichojengwa pembeni ya tangi, halafu yanashuka kwa bomba kurudi chini. Yanachujwa, yanapandishwa tena. Ni mzunguko tu, wala hauna ajabu. Nilipima kwa ndoo na saa: pampu yangu ilijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja. Kwenye boksi waliandika lita 2,500 kwa saa, lakini boksi halijawahi kupandisha maji zaidi ya mita moja kwenda juu. Kwangu ilikuwa lita 1,200 kwa saa, yaani maji yote yanazunguka mara nne kila saa. Inatosha.

Kitu ambacho sikukifikiria ni hiki. Pampu haina macho. Yenyewe inasukuma tu. Maji yanashuka kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiari yake, na pampu haijui kama huko yanakoshukia pako wazi au pameziba.

Somo la kwanza nililipata wiki ya pili. Umeme ulikatika usiku. Nikasikia maji yanachuruzika, nikawasha tochi ya simu, nikakuta tangi la chini linafurika. Nikashangaa: pampu imezimika, maji yanatoka wapi? Wewe ambaye umewahi kuona mtu akinyonya mafuta kwenye tangi la gari kwa mpira umeshapata jibu. Bomba la kupandisha maji lilikuwa limezama sentimita kumi ndani ya tangi la juu. Pampu ilipozimika, maji yaligeuza njia, yakaanza kurudi kwa bomba lilelile, na yangeendelea mpaka mdomo wa bomba uvute hewa. Uso wa tangi langu ni sentimita 120 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita sita. Sentimita kumi ni lita 60. Tangi langu la chini lilikuwa na nafasi ya lita 56 tu. Hapo hujahesabu yaliyokuwa njiani kwenye kisanduku na mabomba.

Nilimwaga kama lita kumi sakafuni. Nikadeki, nikacheka, nikapandisha mdomo wa bomba mpaka ukabaki sentimita mbili tu chini ya uso wa maji. Sasa umeme ukikatika zinarudi lita 12, na nyingine kama kumi na moja kutoka kwenye kizingiti, kisanduku na mabomba. Zinaingia zote, na nafasi inabaki. Kuna wanaoweka valvu ya njia moja badala ya kupiga hesabu hii, lakini punje moja ya mchanga ikikwama kwenye kile kifuniko chake, valvu haifungi. Nafasi haikwami na mchanga. Nilijiona nimeshakuwa mhandisi.

Laiti ningeishia hapo.

Tatizo likawa kelele. Bomba la kushushia maji lilikuwa la inchi moja, moja tu, na lilikuwa linakoroma. Glu, glu, glu, kisha kimya, kisha linavuta pumzi ndefu kama mzee aliyelala chali. Chumba na sebule maana yake kitanda changu kiko hatua nne kutoka kwenye tangi. Mhariri anataka habari saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nimelala saa tatu tu. Nikauliza huku na kule, nikaelezwa kwamba kelele inatokana na hewa. Bomba lina nafasi kubwa kuliko maji yanayopita, hivyo maji na hewa vinagombania njia, vinagongana. Nikaambiwa dawa nzuri ni kuweka kiwiko juu ya bomba, kitazame chini, na kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Kingepunguza kelele bila kuondoa nafasi.

Mimi nikaona kazi. Nikachukua njia ya mkato. Nilifunga koki chini ya bomba la kushukia, nikaanza kuibana kidogokidogo. Kila nikibana, maji yanajaa zaidi ndani ya bomba na hewa inatoka. Nikafika mahali ambapo bomba lilijaa maji matupu. Saifoni kamili. Kelele ikakatika kama redio iliyochomolewa.

Jamani, ule ukimya! Nilikaa kwenye kiti nikawaangalia samaki wangu wanakwangua mwani kwenye mawe, maji yanapita bila hata mnong'ono. Nilimpigia hadi mshikaji wangu mmoja nikamwambia aje asikilize kimya.

Sikujua nimefanya nini. Nilikuwa nimelipima bomba sawasawa na pampu, bila hata tone la ziada. Dalili zilikuwepo: kila baada ya siku tatu maji ya juu yalikuwa yanapanda kidogo au kushuka kidogo, nami nairekebisha koki kwa robo ya robo ya mzunguko, kama anayetafuta stesheni ya redio. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mtambo unataka kubembelezwa hivyo. Mimi niliita hiyo kuutunza.

Sasa niwatambulishe kwa mtu wa chini.

Chini yangu kabisa anaishi mama mmoja, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani na nadhani hata mwenye nyumba amesahau jina lake. Anaishi na mjukuu wake wa darasa la nne. Nilipohamia, siku ya pili tu, alimtuma yule mtoto na bakuli la maharage ya nazi, eti "bibi amesema kijana anayeishi peke yake hali vizuri." Tangu hapo nikiwa nashuka asubuhi lazima nipite dirishani. Shikamoo mama. Marahaba baba, umekunywa chai? Hiyo ndiyo salamu yetu. Mlango wa chumba chake cha kazi uko chini ya tangi langu sawasawa.

Alhamisi moja nilipangiwa safari ya siku mbili Morogoro. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, nikaona nijiongeze: nikaongezea maji tangi la chini, yakatoka kimo cha sentimita 20 mpaka 28. Nikafunga mlango, nikachukua ufunguo wangu wa pekee, nikaondoka nikijisifu kwa uangalifu wangu.

Saa moja kasoro jioni simu ikaita. Mama Cherehani. Hakusalimu.

"Mwanangu, kwako kuna nini? Maji yanatoka kwenye taa."

Hebu isome tena hiyo sentensi. Kwenye taa. Maji hayahitaji mlango. Yalitambaa sakafuni kwangu yakapata tundu la waya kwenye zege, yakashuka nalo mpaka kwenye taa ya chumba chake, na taa ilikuwa inawaka. Mjukuu alikuwa anafanya hesabu zake chini yake. Mama, ambaye hajasoma fizikia yoyote, alimvuta mtoto kwa mkono, akakimbilia swichi kubwa ya ukutani akaizima, ndipo akanipigia mimi. Nikifika hapa kwenye kisa bado mikono inanitoka jasho.

Mwenye nyumba alivunja kufuli langu. Mimi nilikuwa stendi ya Msamvu natafuta basi la kurudi.

Kwenye basi, kwa kuwa akili ya mtu aliyekosa haitulii, nikafungua simu nikajikuta nasoma habari niliyoiandika mwenyewe mwaka 2024, wakati wa zile mvua kubwa. Mnaukumbuka mwezi ule wa Aprili, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kwa mvua na mafuriko. Mimi nilitumwa mitaani kuandika kuhusu mitaro. Nilisimama kwenye matope na daftari langu, nikaandika kwa uchungu kabisa kwamba mtaro unajengwa kwa ajili ya siku ya mvua kubwa, si kwa ajili ya siku ya kiangazi, na kwamba watu wanaubana mtaro kidogokidogo, huyu kibanda, yule taka, mpaka nafasi inaisha, na kila mmoja anaona alichobana yeye ni kidogo. Nilipongezwa kwa habari ile. Nilizima simu.

Nilifika usiku wa manane. Sakafu ilikuwa imeshakaushwa, na aliyekausha ni Mama Cherehani na mjukuu wake kwa tochi. Niliifungua ile koki nikakuta mhalifu. Konokono. Wale wadogo wa rangi ya udongo, wenye gamba lililochongoka kama skrubu, ambao huja wamejificha kwenye changarawe na kuzaana bila kibali. Alishuka na maji, akafika pale nilipopabana, akakwama. Kwenye bomba la inchi moja lililo wazi angepita kama mtu anayepita kwenye geti la uwanja wa mpira. Kwenye upenyo nilioacha mimi, alikuwa kizibo.

Nilipiga hesabu pale pale, kichwa kimeinama. Kwa maji niliyoongeza, pampu ilikuwa na lita 67 za kusukuma kabla haijaanza kuvuta hewa. Juu palikuwa na nafasi ya sentimita tatu tu kufikia ukingo wa kioo, yaani lita 18. Zilizobaki, lita 49, zilikwenda sakafuni. Ndoo mbili na nusu. Kwa lita 20 kwa dakika, kama konokono aliziba kabisa, kazi yote ilichukua zaidi kidogo ya dakika tatu. Baada ya hapo pampu ilizunguka bila maji mpaka ikaungua, na maji ya juu yakatuama. Kati ya samaki wangu kumi na wawili, asubuhi walikuwa hai watano.

Lakini si samaki walioninyima usingizi. Chini ya ile taa palikuwa pametundikwa magauni sita ya wasimamizi wa harusi, satini ya rangi ya maziwa, yamemalizika, yanasubiri pasi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Maji yaliyopita kwenye zege la zamani na bomba la waya hayatoki meupe. Yaliyaachia michirizi ya kutu kutoka begani hadi magotini. Manne hayakufaa tena kwa lolote.

Asubuhi ya Ijumaa nilishuka. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nilipofika dirishani nikasema shikamoo mama, na hotuba ikayeyuka. Alikuwa amekaa na gauni moja mapajani anafumua zipu ili aitumie tena.

"Marahaba," alisema. Hakuuliza kuhusu chai.

Nilikopa mshahara kabla ya mwezi kuisha, nikaenda Kariakoo kutafuta satini ya rangi ileile. Nilipita duka baada ya duka na kipande mkononi. Rangi ya maziwa, wapendwa, zipo kama kumi na tano, na zote si ile. Niliipata saa tisa alasiri. Usiku ule nilikaa kwenye kigoda chumbani kwake, namkatia nyuzi, namshikia kitambaa, na kumtengenezea chai mjukuu aliyekataa kulala. Mama alishona mpaka saa kumi na moja alfajiri. Katikati ya usiku akaanza kunisemesha, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayefanya kazi.

"Hilo dude lako, yakiziba yale maji yanapita wapi?"

Nikamwambia palikuwa na bomba moja.

"Nimeuliza likiziba."

Nikanyamaza.

Akageuza gauni ndani nje akanionyesha mshono. Pembeni ya uzi palikuwa na kitambaa cha ziada, kama vidole viwili, kimekunjwa. "Hii wateja wanasema napoteza kitambaa. Binti akipimwa leo, siku ya harusi amenenepa au amekonda. Nisipoacha akiba hapa, gauni linapasuka kanisani. Haionekani, lakini ndiyo inayomstiri."

Ndipo nikaelewa ile kelele ilikuwa nini. Ile hewa iliyokuwa inakoroma kwenye bomba langu, iliyoninyima usingizi, ilikuwa ndiyo akiba. Ilikuwa ni nafasi tupu ikijitangaza. Mimi nilikwenda nikaibana mpaka ikaisha, nikakaa kwenye kiti kuusikiliza ukimya wake.

Magauni yalitoka Jumamosi saa tatu asubuhi. Mteja hakujua lolote. Mwenye nyumba alinipa mwezi mmoja: ama dude litoke, ama nitoke nalo. Nikamwomba aniache nilijenge upya, na nikamwambia Mama Cherehani ndiye atakayeamua.

Safari hii sikukata kona. Fundi vioo mmoja wa Gerezani alinitobolea matundu mawili zaidi nyuma ya kile kisanduku, kwa keekee yenye meno ya almasi, taratibu, huku msaidizi wake akimwagia maji muda wote ili kioo kisichemke kikapasuka. Kabla ya kuanza aliuliza kama kioo kimechomwa kuwa kigumu kama cha gari, maana hicho ukikigusa na keekee kinamwagika chote kama chumvi. Changu kilikuwa cha kawaida.

Kwa hiyo sasa mabomba ya kushuka ni matatu. Wafugaji wa samaki wa nje wanauita mpango huu BeanAnimal, kwa jina la mtandaoni la jamaa aliyeueneza. La kwanza lina geti valvu na linajaa maji matupu, kimya kama lile la zamani. Tofauti ni kwamba halipimwi sawasawa na pampu. Linabanwa ili liachie maji kidogo yamzidi. Hayo kidogo yanapita kwenye bomba la pili, ambalo liko wazi, kubwa, na halina valvu. Lina mpira mwembamba wa kuvutia hewa, na mdomo wa mpira huo umewekwa juu kidogo ya kiwango cha kawaida cha maji. La kwanza likiziba, maji yanapanda, yanaufunika ule mdomo, hewa inakatika, na bomba la pili lenyewe linageuka saifoni na kuchukua mzigo wote bila mtu kuwepo. La tatu liko juu zaidi, kavu siku zote. Kazi yake ni kukaa tu. Juu ya matundu ya kuingilia nimeweka vyandarua vya plastiki dhidi ya konokono.

Halafu tangi la chini. Nililigawa kwa vioo, pampu ikapewa chumba chake kidogo: sentimita 20 kwa 35, maji kimo cha sentimita 20. Hizo ni lita 14. Ukumbuke nafasi ya juu ni lita 18.

Jumapili iliyopita nilimwita Mama Cherehani apande. Alikuja na mjukuu, na mwenye nyumba akasimama mlangoni amekunja mikono. Mama alileta mfuko wa vitambaa vya mabaki.

Akauzungukazunguka mtambo, kisha akachukua kitambaa, akakisokomeza kwenye bomba la kwanza. Maji yakapanda kidogo. Bomba la pili likakoroma, glu, glu, kisha likavuta pumzi moja ndefu na kutulia. Maji yakasimama pale pale.

"Na hili?" Akaziba la pili.

Maji yakapanda tena, yakafika bomba la tatu, na sebule nzima ikajaa sauti kama mvua kwenye bati. Mjukuu akaziba masikio anacheka. Nikamwambia mama, kelele hiyo nimeiacha makusudi. Siku nikiisikia, najua mawili yameshakufa.

Mama akanitazama. Akachukua kitambaa cha tatu.

Nawaambia ukweli, hapo hata mimi nilishika pumzi. Hesabu kwenye daftari ni kitu kimoja. Akaziba. Kelele ikakatika, na maji yakaanza kupanda kwenye kioo, taratibu, kuelekea ukingoni. Mwenye nyumba akasogea nyuma hatua moja. Sentimita mbili. Moja na nusu. Moja. Ghafla chini kabatini pampu ikaanza kukohoa. Chumba chake kimekauka, haina tena cha kusukuma. Maji yakasimama chini ya ukingo kwa zaidi kidogo ya nusu sentimita, yakatulia, na hakuna hata tone lililoanguka sakafuni. Nikaruka kuzima swichi kabla pampu haijaungua kama ya kwanza.

Mama akaweka kidole kwenye ile nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo. Kidole chake chembamba kilienea.

"Ndogo," akasema.

"Ndogo mama, lakini ipo."

Akachomoa vitambaa vyake kimoja kimoja, akavikamua, akavirudisha mfukoni. Kwa mwenye nyumba akasema tu, "Mwache akae." Kisha akaniambia kwamba nikisafiri tena nimwachie ufunguo, mjukuu atakuwa anaongeza jagi moja la maji kila jioni, badala ya mimi kujaza tangi kwa pupa kama mtu anayekimbia vita.

Kwa hiyo samaki watano wapo, deni la ofisini bado lipo, na kila Jumamosi natoa vile vyandarua nikavisugua. Usiku bomba la pili linatoa sauti kidogo, ya maji machache yanayoshuka na hewa yake. Ningeweza kuibana valvu ya kwanza nikaimaliza hata hiyo. Siigusi.

Jana asubuhi nilipita dirishani. Shikamoo mama.

"Marahaba baba. Umekunywa chai?"

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.